Askari wa Zamani na Kalamu ya Karani

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi yetu husimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani. Tarumbeta hulia, silaha za jadi na mashada ya maua huwekwa penye mnara, viongozi wa dini huomba dua, na wazee waliokuwa askari zamani huketishwa mahali pa heshima mbele ya watu wote. Twaisifu desturi hiyo. Walakini sisi makarani tumezoezwa kuuliza ni jambo gani lililobaki mezani baada ya mkutano kwisha. Nasi twauliza: je, tarehe 26 Julai mzee yule hula nini? Na mjane wa mwenzake, aliyebaki kijijini katika Mkalama au Manyoni, asiyeuona mnara wala kuisikia tarumbeta, ni nani amjuaye?

Katika toleo hili twapenda kuwaeleza wanachama habari za chama cha askari wa zamani, namna kinavyowasaidia wazee hawa na jamaa zao, na jinsi sisi ambao hatukushika bunduki tulivyo na fungu letu katika kazi hiyo. Neno letu kwa ufupi ni hili: msaada umekuwapo, nao hupita katika karatasi, na penye karatasi pana karani. Kwa hiyo karani aweza kuwa daraja, au aweza kuwa mto usiovukika.

Yafaa kwanza tukumbuke watu wenyewe. Katika Vita Kuu ya kwanza, ya 1914 hata 1918, watu wa nchi hii walipigana pande zote mbili. Wengine walikuwa askari wa Wadachi chini ya Lettow-Vorbeck, wengine walikuwa askari wa Keya chini ya Waingereza, na wengi kupita hao wote walikuwa wapagazi. Wale waliochukua mizigo ya Waingereza, na ambao jina lao limebaki Kariakoo mjini Dar es Salaam, walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Na waliokufa kwa njaa, homa, kuhara na uchovu walizidi 90,000 kwa hesabu iliyojulikana. Katika vita ya pili, ya 1939 hata 1945, Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000. Walipigana na Wataliano katika Somalia na Uhabeshi, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha wakavuka bahari kwenda Burma, ambako katika mvua na matope ya mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw hata mto Chindwin. Wengine hawakufika. Meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944, na watu wapatao 1,300 wakafa kwa dakika chache, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Nyanda za Singida hazikukosa fungu lake. Nchi yetu ni nchi ya uwele, mtama na ng'ombe, ambamo mvua ikikosa mwaka mmoja njaa huingia. Na kijana mwenye njaa na kodi mbele yake huisikia sauti ya mwandikishaji upesi. Wako walioandikwa kwa hiari, na wako waliopelekwa na wakubwa wao. Wakati wa vita ilikuwapo reli ya tawi kutoka Manyoni hata Kinyangiri. Baada ya vita reli hiyo iling'olewa, vyuma vyake vikachukuliwa. Lakini watu hawakung'olewa. Walirudi makwao, wakashika majembe, wakaoa, wakazeeka. Nasi twawaona gulioni wala hatujui kwamba yule mzee mwenye mkongojo aliwahi kulala juu ya milima ya Asia.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii yasemwa zaidi juu ya fedha za dukani, lakini hakuna mahali ilipohakikishwa kwa uchungu kuliko katika habari za wapagazi wa vita ya kwanza. Wengi walikufa hali mishahara yao haijalipwa. Fedha ilijulikana kuwa ni haki ya warithi, na maofisa wengine wakaidai. Lakini majina yalikuwa yameandikwa vibaya, au jina moja limeandikwa kwa watu kumi, au kijiji hakikuandikwa kabisa. Warithi hawakupatikana, miaka ikapita, na Serikali ya London ikakataa kuitoa fedha ile. Katika mwaka 1927 ilisimamishwa mjini Dar es Salaam sanamu ya Askari, nayo ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayoahidi kwamba jina la aliyekufa litakumbukwa na watoto wake. Ni ahadi njema. Lakini kwa wapagazi wengi daftari ndilo lililokosekana, na shaba haiwezi kufanya kazi ya daftari.

Iko hadithi nyingine, ambayo kila karani angepaswa kuijua. Katika mwaka 1964, ambao ndio mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa wangali hai mishahara yao iliyosalia tangu 1918. Mtu wa benki alitumwa, akafungua ofisi ya muda huko Mwanza. Inasimuliwa kwamba walifika wazee wapatao 350. Lakini ni wachache tu walioweza kuonyesha hati walizopewa wakati wa kusalimu amri. Wengine walileta vipande vya nguo za askari vilivyochakaa. Wengine hawakuleta kitu ila maneno yao. Yule mtu wa benki angeweza kufunga sanduku na kusema: asiye na hati hana haki. Badala yake alichukua ufagio, akampa kila mzee mkononi kama bunduki, akamwamrisha kwa Kijerumani amri za gwaride. Yasemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Miaka 46 ilikuwa imepita. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini mikono haikusahau.

Hatuisimulii hadithi hii kwa kuchekesha. Twaisimulia kwa sababu yafundisha ya kuwa kazi ya karani si kutazama karatasi tu, bali ni kutafuta ukweli ambao karatasi iliwekwa kuushuhudia. Karatasi ikipotea, ukweli haujapotea. Hutafutwa kwa njia nyingine ya halali.

Sasa tuje kwenye chama chenyewe. Baada ya vita ya kwanza askari waliorudi katika nchi nyingi waliona kwamba Serikali zilizowaita kwa haraka hazikuwa na haraka ya kuwatunza. Kwa hiyo mwaka 1921 Waingereza waliunda chama chao cha British Legion, ambacho hukusanya fedha kila Novemba kwa kuuza maua mekundu ya karatasi. Mwaka huo huo, katika mji wa Cape Town, viliunganishwa vyama vya askari wa zamani wa makoloni na nchi nyingine zilizokuwa chini ya Mfalme, na Field Marshal Haig alikuwa mmoja wa waanzilishi. Muungano huo baadaye uliitwa Royal Commonwealth Ex-Services League, nao makao yake yako London. Kusudi lake ni kwamba asiwepo mtu aliyelitumikia jeshi la Mfalme, wala mjane wake, anayekaa katika dhiki pasipo msaada.

Wanachama waangalie sana jinsi kazi hii inavyokwenda, maana hapo ndipo penye fundisho. League haina ofisi katika kila wilaya, wala haina watu wake wa kuzunguka vijijini. Yenyewe hufanya kazi kwa mkono wa chama cha askari wa zamani kilichomo katika kila nchi. Na kwetu Tanzania chama hicho ni Tanzania Legion and Clubs. Jina lake la pili lataja klabu, yaani mahali pa askari wa zamani kukutana, maana tangu awali vyama vya namna hii vilijua ya kuwa mzee hahitaji posho peke yake. Ahitaji pia mtu wa kumwambia habari za Burma ambaye hataona kwamba anapiga porojo. Chama cha nchi ndicho kinachomtafuta mzee, kumhoji, kuthibitisha utumishi wake, kupeleka jina, kupokea fedha na kuifikisha. London yaweza kuwa na fedha, lakini haina macho ila ya mtu wa kwetu.

Katika mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa karibu pauni milioni 12, wa kutolewa kwa miaka 5 kupitia muungano huo, kwa askari wa zamani na wajane wapatao 8,500 katika nchi mbalimbali za Jumuiya ya Madola. Kipimo kilichowekwa kilikuwa chepesi kueleza: kila mmoja apate angalau milo miwili kwa siku. Msomaji atafakari kipimo hicho. Hakikuahidi nyumba ya bati, wala shamba, wala gari; kiliahidi milo miwili kwa mtu aliyewahi kubeba bunduki ya Mfalme. Hii yaonyesha jinsi dhiki ya wazee hawa ilivyokuwa, na jinsi msaada ulivyochelewa.

Hapana budi tuseme pia ni nani anayehusika, maana mzee aliyeahidiwa kitu kisicho chake huumia mara mbili. Mlango wa League ni kwa wale waliotumikia jeshi la Mwingereza kabla ya uhuru, na kwa wajane wao. Askari wa Keya wa Tanganyika waligeuka kuwa Tanganyika Rifles uhuru ulipopatikana Desemba 1961. Na JWTZ, iliyoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka ule, ni jeshi la nchi yetu wenyewe, na wastaafu wake wana njia zao za malipo na muungano wao. Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba mlango ule wa kwanza umekwisha kufungwa kwa sababu wa Burma wamekwisha kufa. Kijana aliyeandikwa mwaka 1944 akiwa na miaka 18 alizaliwa 1926. Wa namna hiyo kwa kweli wamebaki wachache mno. Lakini aliyeingia Keya mwaka 1959 akiwa na miaka 20 alizaliwa 1939. Watu wa umri huo tungali tunao nyumbani. Na wajane, kwa kuwa mara nyingi waliolewa wangali wadogo, huwazidi waume zao kwa miaka mingi.

Wako watakaosema: haya ni mambo ya Waingereza, walipigana vita ya watu wengine, nao hao wengine ndio wawalipe. Twajibu kwa pande mbili. Upande mmoja ni kweli kwamba deni ni la Uingereza, tena ni deni ambalo halikupimwa kwa haki. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari walipoachishwa baada ya vita ya pili kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi ya ngozi, hata Mzungu akapata kama mara 3 ya Mwafrika wa cheo kile kile. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba baada ya vita ya kwanza Waafrika na Waasia waliokufa hawakukumbukwa sawa na wengine, na kwamba wasiopungua 116,000, na huenda wengi zaidi sana, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mzee akipewa kitu na London asiambiwe kwamba ameokota sadaka. Amepokea sehemu ndogo ya mshahara wake.

Upande wa pili ni huu. Mzee huyu hakai London. Anakaa Ilongero, Puma, Nduguti, Kiomboi, Itigi. Akilala njaa, jirani yake ndiye asikiaye. Akiugua, mjukuu ndiye aachaye shule ili amwongoze hospitali. Kwa sababu hiyo fedha inayomfikia haiishii kinywani mwake. Sote twajua desturi ya nyumba zetu: chungu kimoja, na watoto wa binti aliyekufa, na mke wa mwana aliyekwenda mjini. Mjane apatapo unga wa miezi mitatu, mbuzi wa mjukuu hauzwi kwa bei ya njaa. Mbuzi asipouzwa huzaa. Na mwaka wa pili nyumba ile haiombi tena. Hivyo chama kinachomsaidia askari mmoja kimeisaidia nyumba, na kikisaidia nyumba kumi kimekisaidia kijiji, wala hakuna aliyepiga mbiu.

Tena hili si jambo geni katika historia yetu. Askari waliporudi mwaka 1945 na 1946, Serikali ya Tanganyika iliona kwamba watu hawa hawawezi kurudi kama walivyokwenda. Wengine walikuwa wamejifunza kusoma jeshini, kwa Kiswahili, na walikuwa wamezoea kusoma gazeti. Wengine walikuwa wamekuwa madereva, mafundi, wapasha habari kwa simu, wauguzi. Idara ya Ustawi wa Jamii ilipoanza mnamo 1946, kazi yake ya kwanza ilikuwa ni hao, na nyumba za ustawi zilizojengwa katika miji zilikusudiwa kwanza kwa ajili yao. Lakini nyumba hizo zikawa za watu wote: masomo ya watu wazima, kusoma magazeti, michezo, mikutano. Na katika mikutano ya miaka ile sauti za walioona dunia zilisikika. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa Burma na Keya, alikuja kukiongoza chama cha TAA kabla ya Julius Nyerere kuchaguliwa mwaka 1953. Na mwaka uliofuata TAA ikawa TANU. Nchi ilipata faida kwa askari wake hata katika jambo ambalo waliowaandikisha hawakulitazamia.

Basi, ikiwa msaada umekuwapo, na faida yake ni ya wote, kizuizi ni nini? Katika nchi ya Singida twaona vizuizi vinne.

Cha kwanza ni mwendo. Kutoka kijiji cha ndani ya Manyoni hata Boma, na kutoka Boma hata Dodoma au Dar es Salaam, ni nauli ambayo mzee hana. Na akiipata kwa kukopa, huambiwa arudi wiki ijayo.

Cha pili ni majina. Mtu wa kwetu huzaliwa na jina la Kinyaturu au Kinyiramba, hubatizwa au husilimu akapata la pili, na mwandikishaji wa jeshi, asiyeijua lugha yetu, huandika alivyosikia. Pengine kabila pia huandikwa jingine. Miaka 60 baadaye kijana wa ofisini huliona jina la cheti halifanani na la kitambulisho, akasema kwamba hawa ni watu wawili.

Cha tatu ni ndoa. Mjane aliolewa kwa ng'ombe, mbele ya wazee na ukoo mzima, na hapana aliyempa karatasi. Sasa aambiwa alete cheti cha ndoa. Ng'ombe wale hawakutoa risiti.

Cha nne chatuhusu sisi, wala hatutakificha. Yamesikika manung'uniko kwamba katika ofisi nyingine mzee anayekuja kuandikiwa barua huulizwa amekuja na nini. Mwingine hujaziwa fomu kwa bei ya kuku wawili. Mwingine karatasi zake hupokelewa, zikawekwa chini ya nyingine, naye hujibiwa kila mara kwamba bado. Twasema wazi: mtu achukuaye kuku wa mjane kwa kuandika mistari kumi amemrudisha yule mpagazi wa 1917 njiani na kumtwika mzigo tena. Mshahara wetu ni mdogo, na chama hiki kimelisema hilo mara nyingi mbele ya wakubwa; lakini hatuwezi kudai haki yetu kwa mkono mmoja na kuuza ya mwingine kwa mkono wa pili.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya matawi yote ya Singida, nalo halihitaji fedha nyingi.

Kila tawi lifungue daftari moja la askari wa zamani na wajane wa eneo lake. Ndani yake yaandikwe jina la utotoni, jina la dini, na jina la jeshini kama mwenyewe alitamkavyo, namba ya jeshi, kikosi, mwaka wa kuingia na wa kutoka, mahali alipotumikia, jina la ofisa au sajini anayemkumbuka, nishani, ikiwapo. Namba ya jeshi iulizwe kwa upole na kwa saburi, kwani mara nyingi mzee aliyesahau mwaka wa kuzaliwa kwa mwanawe hutamka namba yake pasipo kusita. Huo ndio ufagio wetu wa Mwanza. Kwa mjane, yaandikwe majina ya mashahidi wawili wa ndoa, ya watoto, na kitu chochote kilichoachwa na mume: picha, kifungo, barua, kisahani cha shingoni.

Hati yoyote itakayoonekana inakiliwe palepale na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe siku hiyohiyo. Wazee wengi wamepotewa na hati si kwa mchwa wala kwa moto, bali kwa sababu walimpa mtu wa ofisi, mtu wa ofisi akahamishwa.

Kuandika kwetu kuwe bure, na tangazo libandikwe mlangoni liseme hivyo kwa Kiswahili chepesi. Kisha barua ifuatwe. Karani aliyeipeleka Tanzania Legion and Clubs aandike tarehe. Ikipita miezi miwili pasipo jibu aandike tena. Barua isiyofuatwa ni kama mbegu iliyotupwa juu ya mwamba wa Singida: sote tumeiona miamba ile, na hapana aliyevuna juu yake.

Na mzee aambiwe ukweli. Ikiwa si mtu wa mlango ule, asipewe matumaini ya uongo. Aonyeshwe mlango wake, iwe ni pensheni ya jeshi letu, au Ustawi wa Jamii, au jumuiya ya kanisa au msikiti wake. Ikiwa ni mtu wa mlango ule, aambiwe pia kwamba kiasi ni kidogo na huweza kuchelewa au kukoma. Neno la kweli humstahi mtu kuliko ahadi.

Jambo la mwisho lawahusu askari walio karibu nasi zaidi. Katika Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na nchi yetu ikapigana hata Kampala ilipochukuliwa tarehe 11 Aprili 1979. Pamoja na askari wa kazi walikwenda mgambo wengi, vijana wa vijijini waliofundishwa kwa muda mfupi, wakarudi vijijini vita ilipokwisha. Waliokufa wako wanaolala Kaboya, na makaburi yao yana majina. Waliorudi sasa ni wazee wa miaka 65 na zaidi. Vyeti vyao viko katika masanduku yale yale ya mbao, chini ya vitanda vile vile, katika nyumba zile zile zenye mchwa. Tukingoja hata wafike miaka 90, wajukuu wetu makarani watakuja kuulizana habari za ufagio. Daftari letu liwe na sehemu yao tangu leo, hata ikiwa leo hapana anayeligawia fedha.

Asifuye mvua imemnyea, nasi hatukunyeshewa na mvua ya Burma wala ya Kagera. Hatuwezi kujifanya wasimuliaji wa vita. Tuliyopewa ni meza, kalamu, mhuri na masijala. Na watu wengi huvidharau vitu hivi hata siku wanapovihitaji. Katibu wa kila tawi aombwa kuleta jina la mtunza daftari kabla ya mkutano ujao, ili lipigwe chapa katika toleo litakalofuata. Nafasi imekwisha kuachwa ukurasa wa pili.